UZI MAALUMU: Kucheza kikapu cha kulipwa nje ya nchi – nafasi, wakala, mkataba na yanayokwamisha

Gadi Mkongwe

Wakuu, swali hili linarudi kila msimu: fulani anatamba ligi ya kwao, anataka kutoka akacheze kwa malipo, aanzie wapi? Majibu huwa mawili, "tafuta wakala" na "tuma klipu". Yote ni sahihi na yote hayatoshi. Naweka ninachokijua, wenye nondo waongeze. Wa kubeza wapite pembeni.

Naanza na hili kwa sababu mengine yote yananing'inia hapa. Klabu ya nje hainunui kipaji, inanunua mtu wa kujaza nafasi ya mgeni, na nafasi hizo zinahesabika. Ligi kuu ya Ujerumani, BBL, inataka nusu ya orodha ya wachezaji 12 wawe Wajerumani, kwa hiyo wageni hawazidi sita. NBL ya Australia kwa kawaida inaruhusu wageni watatu kwa timu. B.League ya Japani kwa miaka mingi imeruhusu wageni wawili tu kuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Ukishuka daraja, nafasi zinapungua: timu nyingi za daraja la pili na la tatu zina mgeni mmoja au wawili basi.

Matokeo yake ni nini? Mwenyeji anaweza kuwa mtu wa tisa kwenye benchi akakaa miaka mitano bila mtu kumuuliza. Mgeni anatarajiwa kuanza mechi, kufunga na kuonekana kwenye takwimu ndani ya mwezi wa kwanza. Akiwa na wastani wa pointi nane katika ligi ndogo, klabu inaanza kutafuta mbadala wake kabla ya Desemba. Ndiyo maana wale watu wa kazi chafu, wazuri wa kukaba na kuweka skrini (kusimama njiani kumzuia mkabaji wa mwenzao), soko lao la kwanza huwa gumu. Kazi hiyo klabu inaifanya kwa wenyeji, kwa bei nafuu.

Na kila ligi hujaza nafasi hizo kwa kile ambacho haina. Japani wanakosa urefu, kwa hiyo nafasi nyingi za wageni zinaenda kwa masenta na mafowadi warefu. Gadi (mchezaji wa nje anayeongoza mpira) wa mita 1.83 anayetuma klipu huko mwaka wa kwanza anapoteza muda. Ligi ndogo nyingi za Ulaya ni kinyume, zinatafuta gadi anayeweza kujitengenezea shuti saa ya sekunde 24 inapoelekea kuisha.

Senta21

Naongezea kwenye hoja ya nafasi: pasipoti. Watu wanaidharau, wakati inaweza kubadilisha thamani ya mchezaji kuliko pointi tano za wastani.

Hukumu ya Bosman ya 1995, ya Mahakama ya Ulaya, ilifungua mlango kwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya: hawawezi kuwekewa ukomo wa uraia wanapocheza nchi nyingine ya Umoja. Ligi zikajibu kwa kubadilisha kigezo, zikaacha kuuliza uraia zikaanza kuuliza mchezaji amekulia wapi kimpira. Hispania, kwa mfano, klabu zinalazimika kuwa na idadi fulani ya wachezaji waliolelewa katika mfumo wa vijana wa nchi hiyo.

Halafu ikaja hukumu ya Kolpak ya 2003, iliyomhusu kipa wa mpira wa mikono kutoka Slovakia aliyekuwa Ujerumani wakati nchi yake haijaingia kwenye Umoja. Mahakama ilisema raia wa nchi yenye mkataba wa ushirikiano na Ulaya, akishaajiriwa kihalali, asibaguliwe katika masharti ya kazi. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, una kipengele cha namna hiyo. Ndipo Hispania na Ufaransa wakawa na kundi la "wachezaji wa Cotonou", ambao hawali nafasi ya mgeni. Mkataba ule umerithiwa na wa Samoa, uliotiwa saini Novemba 2023, na kanuni za ligi hubadilika, kwa hiyo soma kanuni za msimu husika, sio za mtu aliyecheza zamani.

Kiutendaji: mstari wa kwanza wa wasifu wako, kabla hata ya urefu, uandike pasipoti ulizonazo. Mkurugenzi wa michezo anaangalia hapo kwanza ajue utakaa kwenye kisanduku gani. Kama una haki ya uraia wa pili kupitia mzazi au babu, anza mchakato huo mapema. Huwa unachukua miaka.

Chipukizi05

Wakuu nawasoma kwa makini. Sasa kijana wa miaka 17, mita 2.04, klabu ya nje inamwita kwenye akademi yao. Anaweza kwenda tu?

Mwanasheria wa Kikapu

@Chipukizi05 hapana, sio "tu". FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kwa kawaida hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika mazingira maalumu ambayo yenyewe inayapitia na kuyakubali. Wanaangalia kama klabu itahakikisha masomo yake, malezi na mazoezi yanayofaa, na kama wazazi wameridhia. Akademi ikisema "njoo kwa viza ya utalii, karatasi tutazimaliza huku", mzazi akatae. Kijana anaweza kukaa msimu mzima akifanya mazoezi bila kucheza hata mechi moja rasmi.

Njia hiyo ikifuatwa sawasawa inalipa. Edy Tavares wa Cape Verde alichukuliwa na Gran Canaria mwaka 2009 akiwa na miaka 17, hajui mchezo vizuri, akakopeshwa kwenye timu za madaraja ya chini apate dakika, na leo ni senta wa Real Madrid mwenye mita 2.21.

Umri mwingine wa kukumbuka: kwa drafti ya NBA (uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu za ligi kuu ya Marekani huchagua wachezaji wapya), mchezaji wa kimataifa anaweza kujitangaza kuanzia mwaka anaotimiza miaka 19, na mwaka anaotimiza 22 anaingia yeye mwenyewe bila kujitangaza. Kama bado anafikiria chuo cha Marekani, asisaini chochote cha kulipwa kabla ya kuuliza. Kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, zinabadilika kwa kasi siku hizi na wachezaji waliolipwa Ulaya wanaonekana vyuoni, lakini kila faili linapimwa peke yake. Na tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, ila mwanafunzi wa kigeni aliye kwa viza ya F-1 amebanwa kufanya kazi. Asitie saini tangazo la biashara kabla ofisi ya wanafunzi wa kimataifa haijaona karatasi.

Binti Takwimu

Niingie kwenye klipu, maana ndiko wengi wanajiharibia.

Video ya dakika nne yenye danki na muziki juu haimsaidii kocha. Kila mtu ana danki nne za kuonyesha. Kinachotakiwa ni vitu viwili. Cha kwanza, video fupi ya dakika tatu hadi tano, bila muziki, iliyopangwa kwa matendo: piki endi roli kwanza kama wewe ni gadi (mwenzako anakuwekea skrini kisha anakimbilia kikapu; uonekane ukimalizia, ukipasi, ukipiga shuti kutoka kwenye dribo), kisha shuti za kupokea na kupiga, kisha ulinzi wa mpira na ulinzi wa msaada, mwishoni kurudi nyuma kwa kasi. Kila klipu ianze sekunde mbili kabla ya tendo ili aonekane aliyekukaba na nafasi mliyokuwa nayo. Weka duara au mshale juu yako kabla mpira haujachezwa.

Cha pili, na hiki ndicho kinachoamua, mechi nzima mbili au tatu za msimu huu huu, dhidi ya timu ngumu, na moja iwe ambayo hukufunga vizuri. Kocha anataka kuona unafanya nini usipokuwa na mpira, unarudi vipi baada ya kupoteza, unakaa vipi benchi. Akiletewa mechi za ushindi wa pointi arobaini peke yake anajua anafichwa kitu.

Kwenye takwimu usijidanganye na wastani wa pointi. Kocha wa Ulaya anaanza na asilimia za shuti, uwiano wa asisti kwa mipira iliyopotezwa, na mara ngapi unakwenda mstari wa adhabu. Gadi wa pointi 22 kwa shuti 21 na mipira mitano iliyopotea, kwao ni tatizo linalokuja na begi. Urefu nao uandike ule wa miguu mitupu. Ukiandika 2.01 ukashuka kwenye ndege una 1.96, umeanza kazi kwa kuvunja uaminifu, na klabu nyingine hutumia hilo kukupunguzia mshahara.

Klabu nyingi zenye uwezo hutazama wachezaji kupitia Synergy, mtandao wa video na takwimu za mechi. Kama ligi yako haipo huko, mechi zako ziwe mtandaoni zikiwa kamili, kamera juu katikati ya uwanja, ubao wa matokeo ukionekana.

Gadi Mkongwe

Shukrani Binti. Sasa wakala, kwa ufupi, maana hapa ndipo penye matapeli.

Wakala anayefanya uhamisho wa kimataifa anatakiwa kuwa na leseni ya FIBA, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao. Jina halipo, mazungumzo yameisha. Ulaya desturi ni wakala kulipwa na klabu, kwa kawaida asilimia 10 ya mshahara, juu ya mshahara wako na sio ndani yake. NBA ni tofauti, mchezaji ndiye analipa, na chama cha wachezaji kimeweka ukomo wa asilimia 4. Kwa hiyo anayekuomba dola mia tano "za kukutangaza" au "za kufungulia faili" sio wakala wako, wewe ndiye mteja wa duka lake. Tapeli wa pili ni wa mkataba hewa: karatasi yenye nembo ya klabu halisi, mshahara mnono, halafu unatakiwa kutuma hela ya viza kwa mtu binafsi. Dawa yake ni kuingia tovuti rasmi ya klabu au ya ligi, kuchukua anwani ya hapo na kuuliza. Klabu inayokutaka kweli haikuombi hela.

Ukimpa wakala idhini, iwe ya maandishi, yenye tarehe ya mwisho isiyozidi miaka miwili, na itaje maeneo. Kumpa mtu mmoja dunia nzima wakati anajua ligi mbili tu ni kujifunga. Na usiwape wawili soko moja: klabu ikipokea jina lako kutoka kwa watu wawili, inawaacha wote na wewe ukiwemo.

Rebaundi Tu

Mkuu umesahau bei. Watu waambiwe ukweli kwamba sio wote wanaocheza nje wana hela.

Gadi Mkongwe

Kweli kabisa. Ligi za mwanzo, madaraja ya tatu ya Ulaya na nchi ndogo za kikapu, ofa nyingi zinaangukia kati ya euro mia kadhaa na elfu mbili kwa mwezi, nyumba na wakati mwingine chakula juu yake. Na sio miezi 12. Mshahara wa 1,500 kwa miezi tisa ni 13,500 kwa mwaka, halafu miezi mitatu ya kiangazi unajilisha na kujilipia mazoezi mwenyewe. G League yenyewe, mlango wa NBA kabisa, ililipa dola 43,000 kwa msimu wa 2024-25. Aliye na mkataba wa njia mbili, ule wa kupanda na kushuka kati ya NBA na G League, alipata zaidi ya nusu milioni msimu huohuo, lakini nafasi hizo ni tatu tu kwa kila timu. Juu kabisa, nyota wa EuroLeague, mashindano ya juu ya klabu za Ulaya, wanavuka milioni moja ya euro kwa msimu, na hao ni wachache.

Mwanasheria wa Kikapu

Sasa mkataba. Huu ni mrefu, vumilieni.

Mshahara uandikwe kuwa ni halisi baada ya kodi, na klabu ibebe kodi na michango yote ya nchi hiyo. Pia klabu ilazimike kukupa cheti cha kodi mwisho wa msimu. Bila cheti, mamlaka ya kodi ya kwenu inaweza kukudai kwa kipato ambacho kilishakatwa kule.

Tarehe za malipo ziandikwe moja moja, na kiasi mbele ya kila tarehe. "Kila mwezi" peke yake haitoshi. Utaratibu wa kawaida ni malipo ya awali baada ya kupita vipimo vya afya, kisha awamu kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei au Juni. Jihadhari na mkataba unaorundika sehemu kubwa kwenye awamu mbili za mwisho. Timu ikishatolewa kwenye mchujo mwezi Aprili, awamu hizo ndizo zinazoyeyuka.

Kuchelewa kulipwa kuwe na ngazi. Mfano unaokubalika sokoni: siku 10 hadi 15 za neema, baada ya hapo riba inaanza; zikifika kama siku 20, una haki ya kutofanya mazoezi wala kucheza bila kuhesabiwa mtoro; zikifika 30 au 45, una haki ya kuvunja mkataba, na mshahara wote uliobaki unakuwa deni la papo hapo. Kosa la wachezaji ni kugoma kwa hasira kabla ya siku hizo kutimia. Hapo klabu ndiyo inapata sababu ya kukufukuza. Andika notisi kwanza, kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba, tunza nakala, kisha hesabu siku.

Neno la kutafuta ni "umehakikishwa": mshahara unalipwa hata ukiumia au kiwango kikishuka. Klabu ndogo hukataa na kuweka kipengele cha kukuacha kwa malipo ya mwezi mmoja. Ukikubali kipengele hicho, basi kiwe na tarehe ya mwisho, kwa mfano kisitumike baada ya Desemba 31, na kiwe pande zote mbili: wao wakiweza kukuacha kwa mwezi mmoja, na wewe uweze kuondoka kwa kulipa kiasi fulani ukipata daraja la juu.

Usuluhishi. FIBA ilianzisha mwaka 2007 chombo ambacho leo kinaitwa BAT, makao yake kisheria ni Geneva. Msuluhishi ni mmoja, lugha ni Kiingereza, anaamua kwa haki na usawa bila kufungwa na sheria ya nchi fulani, na klabu isiyotii hukumu FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya. Ndiyo maana zinalipa. Ila BAT haina mamlaka juu ya mkataba usioitaja. Kipengele chake lazima kiwemo kwa maneno yale wanayoyapendekeza wenyewe. Ada ya kufungua shauri hairudishwi na inapanda kulingana na kiasi unachodai, kwa hiyo andika kwamba atakayeshindwa anabeba gharama. Deni la euro 900 huko halina maana, la 9,000 lina maana.

Mtego wa mwisho ni mkataba uliogawanywa. Klabu inakupa mkataba wa ajira wa euro 600 na wa pili wa "haki za picha" wa 1,400, mara nyingi na kampuni nyingine kabisa. Mwaka mbaya unalipwa ule wa kwanza tu. Klabu ijifunge kwa maandishi kuwajibika kwa yote mawili, na kipengele cha BAT kiwe katika kila karatasi.

Nyumba, gari, tiketi mbili za kwenda na kurudi, bima ya afya: taja anayelipa umeme na intaneti, gari lina bima ya nani, na una siku ngapi za kubaki kwenye nyumba baada ya mkataba kuvunjika. Siku saba ni sawa. Bila kutajwa, kuna watu hupewa saa 24.

Fiziotiba

Nichomekee la afya. Vipimo hufanyika ndani ya saa 48 hadi 72 baada ya kufika, na mkataba useme wazi kwamba usipopimwa ndani ya muda huo, au ukiingizwa kwenye mazoezi kabla ya kupimwa, unahesabiwa umefaulu. La sivyo klabu inakutazama wiki mbili, haikupendi, halafu ghafla goti lako lina "tatizo".

Safiri na faili lako: picha za MRI za majeraha ya zamani, ripoti za upasuaji, kipimo cha moyo cha ekokadiogramu. Jeraha lililofichwa likigundulika linavunja mkataba kihalali. Lililotajwa mapema halikuumizi sana, klabu inajua wachezaji wa kikapu wana vifundo vya miguu vilivyoteguka.

Ukiumia katikati ya msimu, usikubali kurudishwa nyumbani "ukatibiwe karibu na familia" kabla ya kupata kwa maandishi nani analipa upasuaji, nani analipa mazoezi ya kurejesha mwili, na mshahara unaendelea hadi lini. Ukishapanda ndege, hoja ya kwamba uliondoka mwenyewe inapata miguu. Omba pia haki ya maoni ya daktari wa pili.

Vidonge na poda za kujenga mwili: kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kilichoingia mwilini ni jukumu lako hata kama hukujua. Dawa za pumu na za mafua baadhi zinahitaji kibali cha matibabu kabla ya kuzitumia. Asikupe mtu kitu chumba cha kubadilishia nguo.

Chipukizi05

Nondo tupu. Kuna anayesema ukianza daraja la tatu huko Ulaya ndio umezikwa, bora usubiri ofa kubwa. Mnasemaje?

Senta21

Sikubaliani na anayesema hivyo, na mifano ipo. Kyle Hines, senta wa mita 1.98, hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2008. Akaenda Veroli, daraja la pili Italia, miaka miwili. Kisha Bamberg Ujerumani msimu mmoja, kisha Olympiacos, akachukua EuroLeague ya 2012 na 2013, halafu nyingine mbili na CSKA Moscow, 2016 na 2019. Mike James hakuchaguliwa 2012, alipita Omegna katika daraja la tatu la Italia na Kolossos ya Rhodes kabla ya Baskonia kumchukua. Mwaka 2024 alikuwa MVP (mchezaji bora) wa EuroLeague na mfungaji bora wa wakati wote wa mashindano hayo.

Ila tazama walivyopanda: ngazi moja kila baada ya msimu mmoja au miwili, na kila mara kwenye ligi ambayo ile ya juu inaitazama. Hapo ndipo pa kuwa makini. Daraja la pili la Italia, Ufaransa, Ujerumani au Hispania linatazamwa na madaraja ya kwanza ya nchi hizohizo kila wiki. Kuna ligi nyingine zinalipa vizuri zaidi lakini hakuna anayezitazama, na misimu mitatu huko inakufanya jina la pale tu. Mtu wa miaka 23 achukue ofa ya euro 1,200 kwenye ligi inayotazamwa kuliko 3,000 kwenye ligi ya kimya. Wa miaka 33 afanye kinyume, achukue hela.

Rebaundi Tu

Hapo kwa wa 33 nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kwa wa 23 inategemea nani anamtegemea nyumbani.

Na msiisahau BAL, ligi ya Afrika ya NBA na FIBA, iliyoanza 2021. Inachezwa nusu ya kwanza ya mwaka na kumalizika karibu na Juni, wakati uleule klabu za Ulaya zinatengeneza orodha za msimu ujao. Mechi tano nzuri hapo zina macho mengi kuliko msimu mzima kwingine. Pia kanuni zake zinabana idadi ya wachezaji kutoka nje ya nchi ya klabu, kwa hiyo mwenyeji mzuri ana thamani.

Binti Takwimu

Kalenda ni hivi kwa Ulaya: mikataba mikubwa Juni na Julai, ya kati Agosti, maandalizi wiki tano hadi saba, mechi kuanzia mwisho wa Septemba au Oktoba. Wimbi la pili ni Novemba hadi Januari, klabu zinapobadilisha wageni waliofeli. Wengi wanaopata nafasi ya kwanza wanaipata kwenye wimbi hili, kwa hiyo usiache mazoezi Septemba kwa sababu simu haikulia. Uwe tayari: pasipoti yenye miezi ya kutosha, vyeti, mapafu ya kucheza dakika 30 kesho kutwa.

Kuna pia wanaounganisha misimu miwili. Ligi za Puerto Rico, New Zealand na Kanada (CEBL) zinachezwa wakati Ulaya imepumzika. Kipato kinapanda, lakini mwili nao unadai, na mkataba wa Ulaya uangaliwe kama unakukataza kucheza kwingine kiangazi.

Kwa dada zetu mambo ni tofauti kidogo: mwaka 2023 WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, ilianza kutumia kanuni ya kipaumbele iliyowabana wenye uzoefu wa zaidi ya misimu miwili: aliyechelewa kurudi kutoka Ulaya aliadhibiwa, na kuanzia 2024 angeweza kukosa msimu mzima. Klabu za Uturuki, Italia na Hispania zinajua hilo na huandika tarehe ya kuachiliwa. Aisome kabla ya kusaini.

Gadi Mkongwe

Dokezo kwa wanaotoka vyuo vya Marekani: mstari wa pointi tatu wa FIBA ni mita 6.75, mechi ni robo nne za dakika kumi, faulo tano. Mchezaji haruhusiwi kuomba taimauti, ni kocha tu. Mpira uliokwisha kugusa ringi unaweza kupigwa ukiwa bado juu yake. Hakuna sekunde tatu za ulinzi kama NBA, kwa hiyo senta wao anakaa ndani anakusubiri, na asiye na shuti ya mbali anaachwa wazi kwa makusudi. Wageni wengi wa mwaka wa kwanza wanafeli hapo, sio kwa kukosa kipaji.

Chipukizi05

La mwisho wakuu. Klabu inasema njoo majaribio wiki mbili, ukifaulu tunasaini. Aende?

Mwanasheria wa Kikapu

Aende, ila kwa masharti. Tiketi ya kurudi iwe imekatwa na klabu kabla hajaondoka. Bima iwepo kuanzia siku anayotua, kwa sababu jeraha la majaribio ndilo lisilo na mwenyewe. Mshahara wa mkataba unaofuata uwe umeshaandikwa, yasiwe mazungumzo mapya akiwa tayari yuko kule hana pa kwenda. Na viza ilingane na kazi anayoiendea.

Halafu LOC, barua ya uhamisho. Kila anayehamia shirikisho la nchi nyingine anaihitaji, hata kama alikuwa ridhaa. Shirikisho la klabu mpya linaiomba kwa lile la zamani kupitia mfumo wa FIBA, na sababu kuu ya kukataa ni mkataba unaoendelea. Deni la jezi au ugomvi na mwenyekiti sio sababu. Kwa hiyo kabla ya safari apate kutoka klabu yake ya sasa karatasi yenye saini na tarehe inayosema hana mkataba nao. Na barua isiombwe hadi majaribio yaishe na mkataba usainiwe. Ikiombwa mapema na ikatoka, amehesabiwa wa shirikisho la kule. Wakimwacha siku ya kumi na tano, itabidi aombe nyingine ya kutoka huko kabla ya kucheza popote, pengine dirisha la usajili la kwao likiwa limeshafungwa.